Sukari ya Aliyelala Njaa

Kati ya vilima vya Mbulu na tambarare za Hanang wanaishi watu ambao kwa vizazi vingi hawakula chakula kimoja. Juu, kwa Wairaqw, kulikuwa na mtama na uwele, baadaye mahindi na maharage, katika mashamba yaliyorutubishwa kwa samadi mwaka hadi mwaka. Chini, kwa Wadatoga, hasa Wabarabaig wanaouzunguka Mlima Hanang, mlo ulikuwa maziwa kwanza, nyama ilipopatikana, na zamani damu iliyotolewa kwenye shingo ya ng'ombe aliye hai. Upande wa Ziwa Eyasi Wahadzabe walichimba mizizi, wakafuata asali na mawindo.

Chukua mtu mzima mmoja kutoka kila upande, alale bila kula, umpime asubuhi. Kama wote wana afya, sukari katika damu yao itakaribiana sana: milimoli 4 hadi 5.5 hivi kwa lita. Sukari yote inayozunguka katika damu ya mtu mzima haiendi mbali na gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake unahitaji gramu 120 hivi kwa siku. Asingekuwapo wa kuongeza, kijiko hicho kingekwisha kwa saa moja na mtu angezimia akiwa kitandani. Hazimii. Anaamka, anasalimia, anafungulia ng'ombe. Usiku kucha ini lake limekuwa likitengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu, na insulini, homoni inayotolewa na kongosho, imekuwa ikilipimia kiasi. Watu walichukua zaidi ya miaka 170 kuujua uhusiano huo wa ini na insulini, na njiani waliusahau, wakaukumbuka tena.

Hadi katikati ya karne ya 19 wanakemia wa Ulaya waliamini kwamba mimea tu ndiyo iwezayo kutengeneza sukari. Kazi ya mnyama ni kuila na kuiunguza. Claude Bernard, mtoto wa wakulima wa zabibu wa Saint-Julien nchini Ufaransa, alitaka kujua sukari ikishaliwa huishia wapi. Akawalisha mbwa nyama tupu, bila nafaka wala kitu chochote kitamu, kisha akaipima damu yao. Damu iliyokuwa ikitoka kwenye ini aliikuta imejaa sukari, na hakuna aliyeitia humo. Hiyo ilikuwa 1848. Mwaka 1855 alichukua ini lililokwisha kutolewa mwilini, akapitisha maji kwenye mishipa yake hadi yakatoka bila dalili ya sukari, akaliacha. Siku ya pili akakuta sukari mpya imejitengeneza humo. Miaka miwili baadaye akaitenga glaikojeni, wanga ambao ini hujiwekea akiba.

Kwa Mbarabaig aliyekaa malishoni siku nyingi kwa maziwa na nyama, jaribio hilo lilikuwa maisha ya kila siku. Wala hakuhitaji mtu wa Ufaransa amwambie kwamba nyama inaweza kumpa mtu nguvu ya kukimbia. Jipya lilikuwa mahali kazi hiyo inapofanyika, na kwamba mahali hapo panaweza kupimwa.

Bernard alikwenda mbali zaidi, akasema kisukari ni ugonjwa wa ini linalotoa sukari kupita kiasi. Alikuwa na nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilipatikana Strasbourg mwaka 1889, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walipomwondolea mbwa kongosho. Mbwa akawa na kiu isiyokatika, akakojoa mara kwa mara, na mkojo ukawa umejaa sukari. Minkowski hakuishia hapo. Aliwapima mbwa wa namna hiyo wakiwa hawajala kitu, au wamekula nyama tu, na sukari haikukoma. Kwa kila gramu 1 ya naitrojeni iliyotoka kwenye mkojo, zilitoka gramu 2.8 za sukari, na uwiano huo ulirudi tena na tena.

Tarakimu hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Naitrojeni hutoka kwenye protini, na mbwa ambaye hajala hana protini nyingine isipokuwa misuli yake mwenyewe. Alikuwa akiyeyusha mwili wake, ini likiugeuza sukari, na sukari ikitoka nje na mkojo bila kumfaa. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari kikali hukonda hata akila. Watu wa vijijini wakimwona hivyo husema amerogwa au ana ugonjwa wa kuambukiza, na siwezi kuwalaumu kwa kuona jambo la kutisha, kwa sababu kweli linatisha. Mtu anaisha huku akiimaliza sahani yake kila siku.

Kwa miaka 30 na zaidi baada ya Strasbourg madaktari walijua chanzo bila kuwa na dawa. Kule Marekani Frederick Allen aliwanyima wagonjwa chakula ili wasife haraka, na walikuwapo walioongezewa miezi au miaka kwa njia hiyo, wakiwa mifupa na ngozi. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliugua akiwa na miaka 11. Alipofikishwa Toronto Agosti 1922, karibu atimize miaka 15, alikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Njaa ya Allen ilipunguza sukari iliyoingia kwa mdomo. Ile iliyotoka kwenye ini haikuizuia, kwa maana ini lisilopata amri ya kuacha halingoji mtu ale.

Amri hiyo ndiyo iliyopatikana Toronto. Katika kiangazi cha 1921 Frederick Banting na Charles Best, kwenye maabara ya J. J. R. Macleod, walikamua kongosho za mbwa wakapata kimiminika chenye insulini, kilichoshusha sukari. James Collip akakisafisha. Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alichomwa sindano ya kwanza tarehe 11 Januari 1922, ikashindwa kufanya la maana. Ile iliyosafishwa na Collip aliipata tarehe 23 mwezi huohuo, na sukari yake ikashuka kutoka milimoli 28.9 hadi 6.7 kwa lita. Mwaka uliofuata haki za uvumbuzi ziliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili dawa isimilikiwe na mtu.

Baada ya furaha hiyo likaja swali lililowagawa wataalamu kwa nusu karne: insulini inafanya nini hasa? Inafungua misuli ipokee sukari, au inalizuia ini lisiimwage? Jibu lililotia fora lilitoka Chicago mwaka 1949, na lilipatikana kwa sukari ya maziwa. Sukari hiyo, laktosi, ikifika utumboni hugawanyika kuwa glukosi na galaktosi. Rachmiel Levine alichagua galaktosi kwa sababu misuli haijui kuitumia: ikiingia ndani ya seli, imeingia tu, haiunguzwi. Akawapa mbwa galaktosi bila insulini, kisha pamoja na insulini, akaona kwamba insulini inaifungulia galaktosi njia ya kuingia kwenye seli za misuli. Picha ya insulini kama kitu kifunguacho seli ikaenea duniani, ikaingia vitabuni, na hadi leo ndiyo anayofundishwa mgonjwa siku ya kwanza kliniki.

Picha hiyo ni ya kweli, lakini ililifunika ini. Maziwa yenyewe yangeweza kulirudisha. Ile galaktosi ambayo misuli haiwezi kuitumia huenda kwenye ini, na ini huigeuza glukosi; hatua za ugeuzaji huo zilichorwa na Luis Leloir huko Argentina, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwamo watafiti wa Tanzania, walionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wengi wana badiliko la jeni linalowawezesha kuyeyusha laktosi hata ukubwani, na kwamba badiliko hilo lilizuka huku, mbali na lile la Wazungu. Mtu wa Hanang anayekunywa maziwa asubuhi na jioni basi anategemea ini mara mbili: liigeuze galaktosi ya maziwa, na litengeneze sukari yake lenyewe maziwa yakichelewa.

Waliolirudisha ini mbele ya macho ya wataalamu ni watu waliotumia glukosi yenye kaboni ya mionzi. Katika miaka ya 1950 Robert Steele alibuni hesabu ya kujua ni kiasi gani cha glukosi kinaingia kwenye damu na kiasi gani kinatoka, kwa kutazama jinsi glukosi yenye alama inavyozimuliwa na ile isiyo na alama. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupima ini bila kulipasua. Mtu mzima aliyelala bila kula, ini lake hutoa gramu 7 hadi 10 hivi kila saa. Ukimpa insulini kidogo sana, kiasi ambacho misuli haijakishtukia, ini linapunguza. Ini ndilo linaloisikia insulini mapema zaidi.

Sababu mojawapo iko kwenye mpangilio wa mishipa. Kongosho halimwagi insulini moja kwa moja kwenye damu ya mwili mzima. Huimwaga kwenye mshipa unaokusanya damu ya utumbo na kuipeleka kwenye ini, kwa hiyo ini hukutana na insulini nzito mara 2 au 3 kuliko ile inayofika mkononi au mguuni, na nusu hivi ya insulini hiyo huishia papo hapo. Anayechoma sindano tumboni au pajani amegeuza safari: insulini inatangulia mwilini, inafika kwenye ini mwisho, tena imekwisha kuzimuliwa. Ili ini lipate ya kulitosha, misuli lazima ipate ya ziada. Hapo ndipo hatari ya sukari kushuka ghafla inapotokea, na mgonjwa anayetetemeka na kutoka jasho saa 9 usiku hana haja ya kuambiwa amekosea masharti. Dawa yenyewe imeingia kwa mlango wa nyuma.

Ndani ya ini kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa akiba. Glaikojeni ni kama mahindi kwenye kihenge: gramu 70 hadi 100 hivi, za kumaliza siku moja ya njaa au zaidi kidogo. Ya pili ni kutengeneza sukari upya kutokana na vitu ambavyo si sukari: asidi ya maziwa inayotoka kwenye misuli, gliserini ya mafuta, na asidi amino za protini. Gerty na Carl Cori walieleza jinsi asidi ya maziwa inavyotoka kwenye misuli, ikapikwa upya kuwa glukosi kwenye ini na kurudi; walipata Nobel mwaka 1947 pamoja na Bernardo Houssay. Upande wa pili kuna glukagoni, homoni nyingine ya kongosho, inayoliambia ini liongeze. Earl Sutherland aligundua jinsi amri hiyo inavyopita ndani ya seli, naye akapewa Nobel mwaka 1971.

Insulini inapogusa kipokezi chake kwenye seli ya ini, mlolongo wa protini huamshwa moja baada ya nyingine hadi kufikia ile iitwayo AKT. AKT huitia alama protini nyingine, FOXO1, na FOXO1 yenye alama hufukuzwa kutoka kwenye kiini cha seli. Ikiwa nje haiwezi tena kuwasha jeni za vimeng'enya vinavyotengeneza sukari. Uwekaji wa akiba ya glaikojeni nao huongezeka saa hiyohiyo. Maelezo hayo ni mazuri, na kwa miaka mingi yalidhaniwa kuwa ndiyo yote.

Kisha mwaka 2012 kikundi cha Morris Birnbaum wa Pennsylvania kikatengeneza panya ambao ini lao halina AKT wala FOXO1. Kwa hesabu ya vitabu, panya hao wasingeweza kuisikia insulini kwenye ini. Waliisikia. Mlo ulipoingia, ini lilipunguza sukari karibu kama kawaida. Amri ilikuwa imepita kwingine, na njia mojawapo inayojulikana ni mafuta. Insulini huzuia mafuta ya akiba yasiyeyuke. Mafuta yasipoyeyuka, asidi za mafuta hazifiki kwenye ini. Na ini lisipopata asidi hizo linakosa nguvu na kichocheo cha kutengeneza sukari. Insulini basi huliamuru ini moja kwa moja, na pia hulinyima kuni.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilijengwa na wamisionari wa Norwei na kufunguliwa mwaka 1955 ikiwa na vitanda 50. Wodi ya watoto ya hospitali yoyote ya namna ile ni mahali ambapo elimu hii ya ini hutumika kila siku, mara nyingi bila kutajwa jina. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akiletwa, jambo la kwanza katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kumpa mililita 50 za maji yenye sukari ya asilimia 10, kisha maziwa maalumu kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Kwa nini usiku? Kwa sababu ini la mtoto huyo limejaa mafuta, kihenge kiko tupu, na misuli ya kutengenezea sukari imekwisha kuliwa. Akiachwa alale hadi asubuhi kama mtoto mzima anavyolala, huenda asiamke. Hugh Trowell, aliyewatibu watoto hao Mulago, Kampala, na mwaka 1954 akatoa kitabu juu ya kwashakoo pamoja na wenzake, aliyaona maini hayo ya mafuta kwa macho yake. Muuguzi anayemwamsha mama saa 8 za usiku ili mtoto anywe anafanya kazi ambayo ini limeshindwa.

Malaria kali nayo ilifundisha somo lake. Mwaka 1983 Nicholas White na wenzake walioko Thailand walieleza kwamba kwinini, dawa iliyookoa watu kwa karne nyingi, hulichochea kongosho litoe insulini. Insulini hiyo hulizuia ini kutoa sukari wakati uleule ambapo vimelea na homa vinaila sukari iliyopo. Mgonjwa anazimia, na ndugu wanasema malaria imepanda kichwani. Utafiti uitwao AQUAMAT, uliotolewa mwaka 2010 baada ya kuwatibu watoto 5,425 katika nchi za Afrika ikiwamo Tanzania, ulionyesha kwamba artesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 kuliko kwinini, na sukari kushuka baada ya kulazwa kulipungua pia. Kwinini ikaondoka mstari wa mbele.

Yuko pia mtoto wa upande wa pili, yule ambaye kongosho lake limeacha kabisa kutoa insulini. Analetwa akiwa amekonda, anakojoa kitandani baada ya kuacha zamani, anapumua kwa kina na kwa kasi, pumzi inanukia tunda lililoiva kupita kiasi. Panapokosekana kipimo cha sukari anaandikiwa malaria au nimonia. Ndani yake ini linamwaga sukari bila breki, na mafuta yanayoyeyuka bila kizuizi yanageuzwa kuwa ketoni zinazoichachusha damu. Tone la damu kwenye kijiti cha kupimia lingetosha kuonyesha.

Kuna kosa moja ambalo ningependa kila nyumba yenye mtoto wa namna hiyo ilijue, kwa sababu linaua na linatokana na nia njema. Mtoto anaugua homa, anatapika, hataki kula. Mama au bibi anasema: hajala, leo asichome sindano, sukari itashuka. Inaonekana ni busara. Lakini aliyekosa insulini kabisa hahitaji chakula ili sukari ipande. Mbwa wa Minkowski hawakuwa wamekula. Siku ya homa ini hufanya kazi zaidi, kwa kuwa homoni za msukosuko wa mwili zinalihimiza. Dozi ya chakula inaweza kupunguzwa kwa kufuata kipimo na maelekezo ya mhudumu wa afya, lakini ile insulini ya msingi, inayolishika ini usiku na mchana, haiachwi.

Wakati elimu hii ikikua, vyakula vya Hanang vilikuwa vikibadilika. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, nchi ileile iliyoipa dunia insulini, lililima mashamba makubwa saba ya ngano kwenye tambarare zilizokuwa malisho bora ya Wabarabaig, kila shamba ekari 10,000 hivi. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi mwaka 1981, wakashinda Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi. Malisho yakipungua ng'ombe hupungua, na ng'ombe wakipungua maziwa hupungua, na pengo hujazwa na ugali. Kwa ini hilo ni badiliko kubwa. Aliyeishi kwa maziwa na nyama alikuwa na ini linalotengeneza sukari karibu muda wote kwa utulivu. Aliyeshiba ugali analiletea glukosi nyingi kwa mara moja kupitia mshipa wa utumbo, na insulini lazima ije kwa haraka na kwa wingi kulinyamazisha.

Wakati huo kisukari vijijini kilikuwa kidogo. Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili walipima watu wazima 6,097 katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1989: asilimia 0.87 tu walikuwa nacho. Chama cha Kisukari Tanzania kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1985. Kikundi hichohicho kilifuatilia wagonjwa wapya 1,250 waliofika Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987, na wengi wao hawakuwa watu wanene. Mwaka 2012 uchunguzi wa taifa, uliofanywa kwa njia tofauti na kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1 wana sukari iliyopanda.

Dunia ilikwisha kuzoea kusema kwamba mgonjwa wa kisukari cha ukubwani ni mnene, anakula vizuri, na ini lake limejaa mafuta hata halisikii insulini. Mgonjwa mwembamba wa kijijini hakuwa na mahali pake kwenye orodha. Mwaka 1955, mwaka uleule Haydom ilipofungua milango, Philip Hugh-Jones alikuwa amewaeleza wagonjwa wembamba wa Jamaika ambao hawakuingia kwenye aina zilizojulikana. Shirika la Afya Duniani liliwapa jina mwaka 1985, kisukari kinachotokana na utapiamlo, halafu likalifuta jina hilo mwaka 1999 kwa kukosa ushahidi. Kwa zaidi ya miaka 20 wakawekwa kapu moja na wanene.

Ushahidi ulikuja kwa kulipima ini. Mwaka 2022 Meredith Hawkins wa New York na wenzake wa Vellore, India, walichapisha vipimo vya wanaume wembamba wenye kisukari na historia ya njaa. Kongosho zao zilitoa insulini kidogo sana. Lakini maini yao yalitoa sukari kidogo kuliko ya wagonjwa wa aina ya 2, na mafuta ndani ya ini yalikuwa machache. Ini lao lilikuwa likisikia. Kilichopungua ni sauti ya kuliamuru. Mwanza, watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wakiongozwa na George PrayGod walikuwa wamekwisha kuona kwa Watanzania kwamba upungufu wa kongosho ulihusika na kisukari kuliko mwili kuikataa insulini. Aprili 2025, mkutano wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huko Bangkok ukautambua ugonjwa huo kuwa aina ya 5.

Jina jipya lina uzito kwenye dirisha la dawa. Metformini, iliyoanza kutumiwa na Jean Sterne huko Ufaransa mwaka 1957, hufanya kazi yake kubwa kwenye ini, kwa kulipunguzia utengenezaji wa sukari. Inamfaa sana yule ambaye ini lake limekaidi. Kwa mwembamba ambaye ini lake linatii, huenda kinachohitajika ni insulini, tena kidogo. Dozi aliyozoea kuandikiwa mtu wa mjini mwenye kilo 90 inaweza kumwangusha mfugaji wa kilo 48 kabla hajamaliza kukamua, kwa kuwa akiba yake ya glaikojeni ni ndogo na mlo wa mchana haujulikani utapatikana wapi. Daktari au muuguzi anayeandika dozi hiyo Katesh, Dongobesh au Haydom anahitaji kipimo cha asubuhi kabla ya kula, ambacho ni kipimo cha kazi ya ini usiku kucha, na anahitaji kumuuliza mgonjwa mambo ambayo fomu haikuyawekea nafasi: jana usiku ulikula nini, msimu huu ng'ombe wangapi wanakamuliwa, na ulipokuwa mtoto njaa iliingia nyumbani kwenu mara ngapi.